Nimemaliza The Lord of the Rings zote tatu baada ya kusoma kitabu, kuna sura moja wameitupa na inaniuma mpaka leo

Mleta uzi

Wakuu habari za usiku. Nipo Tanga, Chumbageni hapa, mvua inapiga tangu magharibi na umeme umeshakatika mara mbili, nikasema leo niliandike hili jambo maana nimekaa nalo wiki nzima na nyumbani wameshachoka kunisikiliza. Uzi mrefu, mwenye haraka apite tu sitachukia.

Mi nilianza na kitabu. Nilikipata kwa muuza vitabu vya mitumba Ngamiani, kile kinene chenye sehemu zote tatu ndani, kava limeng'oka nikampelekea fundi viatu akanigundishia. Nilikisoma karibu mwaka mzima, kamusi pembeni, kurasa tano tano kabla ya kulala. Huyu mzee Tolkien anasimulia kama babu anayechonga mpini wa jembe huku anaongea, hana haraka na wewe, atasimama kwenye mti mmoja au kilima kimoja mpaka ukijue, halafu ndo mnaendelea na safari. Mwanzoni nilichoka sana ila baadae nikawa naona nikiruka hata mstari nimeiba.

Muvi nilikuwa naziogopa kusema kweli. Niliona vipande vipande zamani banda umiza zile za kutafsiriwa, panga na farasi tu, nikajua hamna kitu. Sasa mwezi huu mpwa wangu, mtoto wa dada, kaja likizo kutoka Korogwe, ana flashi yenye zote tatu, tena zile ndefu zilizoongezewa sini, ya tatu peke yake inapita saa nne. Tukakaa siku tatu mfululizo baada ya chakula cha usiku, laptopu juu ya stuli, mke wangu anatuchungulia tu anacheka anaenda kulala.

Nianze na haki yao. Peter Jackson alizipiga zote tatu kwa mkupuo mmoja kwao New Zealand, toka Oktoba 1999 mpaka Desemba 2000, ndo zikawa zinatolewa moja moja 2001, 2002 na 2003. Unaona faida yake, watu ni wale wale, ardhi ni ile ile, Frodo, yule hobbit (watu wafupi wa hadithi hii) aliyebebeshwa pete ya uovu akaiteketeze, unamuona anavyochakaa kidogo kidogo mpaka pati ya tatu macho yamezama kama mgonjwa wa miezi. Gollum, kile kiumbe kinachoililia pete, ndo usiseme. Mpwa wangu akaniuliza mjomba huyu ni mtu au katuni, nikamwambia kuna mtu anaitwa Andy Serkis, mwili na sauti ni vyake halafu kompyuta ikamvika ile ngozi. Akanyamaza akaangalia tena akasema basi ndo maana ninamuonea huruma.

Kifo cha Boromir, mmoja wa wenzake Frodo safarini, pia, hapa nasema muvi imekishinda kitabu. Kitabuni Aragorn, yule anayekuja kuwa mfalme, anamkuta ameshachomwa mishale tele, sisi wasomaji mapigano yenyewe hatuyaoni kabisa. Kwenye muvi unaona mshale mmoja baada ya mwingine na jamaa anainuka, anapiga goti, anainuka tena kuwatetea wale hobbit wadogo wawili. Muvi nzima nilikuwa nimemchukia yule mtu, pale nikamsamehe nikiwa nimekaa kwenye mkeka.

Na Moria, ule mji wa giza chini ya mlima! Niliposoma, kichwani nilikuwa nimeweka Mapango ya Amboni, nilipelekwa mara ya kwanza nikiwa darasa la nne, unaingia na tochi, popo wanapita juu ya kichwa, mwongozaji anawaonyesha vitambaa na sadaka watu walizoacha kwenye mzimu, anawasimulia habari ya mbwa aliyeingia humu akaja kutokea kule Kilimanjaro. Giza la Moria kwangu lilikuwa hilo, giza linalobana. Jackson kaweka nguzo kubwa mpaka juu huoni mwisho, giza pana. Sikulikataa, nikasema sawa, hili lake na lile langu.

Sasa naja kwenye kinachoniuma. Ngoja umeme urudi simu iingie chaji.

Mdau wa Raskazone

Nimeweka mkeka hapa na kahawa. Usitukatie njiani mkuu.

Mdau wa Muheza

Kabla hujaendelea niseme langu, mi wamenikera kwa Faramir, mdogo wake Boromir. Kitabuni yule kaka ni mtu wa maana, anaambiwa kuna pete anasema hata angeikuta imeanguka barabarani asingeiokota, na anawaacha akina Frodo, watoto wa watu, waende zao. Kwenye muvi anawafunga anawaburuza mpaka mji wa Osgiliath eti ampelekee baba yake zawadi. Kwanini umuharibie mtu jina namna hiyo wakati kitabu kizima watu waungwana wenyewe wa kuhesabu?

Mleta uzi

Umeme umerudi. Mdau wa Muheza hilo la Faramir nipo na wewe kabisa, na lile la Frodo kumfukuza Sam rafiki yake kwenye ngazi kisa mkate nalo halipo kitabuni, nilisimama nikatoka nje kupunga upepo. Ila hayo nayaelewa, dairekta anataka pete imtishe kila anayeiona, akiwepo mtu asiyetikisika basi watazamaji wataidharau. Nayaelewa ingawa siyapendi.

Nisichokielewa ni kuitupa sura ya kurudi nyumbani.

Kwa ambao hawajasoma. Pete imeshateketea, mfalme kavikwa taji, wale hobbit wanne wanarudi kwao Shire. Kwenye muvi wanarudi wanakuta majani ni yale yale mabichi, milango ya duara, mzee anafagia nje kwake. Wanaingia kilabuni wanakunywa. Basi, Sam anaoa.

Kitabuni haiko hivyo hata kidogo. Wanafika darajani usiku wanakuta geti limefungwa. Kwao wenyewe! Walinzi ni vijana wa kwao wanaowajua kwa majina, wanaogopa kuwafungulia. Ndani sheria zimebandikwa ukutani orodha ndefu, vilabu vimefungwa, mavuno yanakusanywa eti yagawanywe kwa haki halafu hayarudi. Miti iliyopandwa kando ya barabara imekatwa, mingine imelala pale pale inaoza, hakuna hata aliyeihitaji. Kile kinu cha kusagia cha zamani kimebomolewa limejengwa dude linalotoa moshi na kumwaga uchafu mtoni. Baba yake Sam, mzee mtunza bustani, katolewa kwenye nyumba yake na mtaa wote umechimbwa changarawe. Na ule mti mkubwa wa sherehe, ule wa mwanzo kabisa ambao mzee Bilbo wa ukoo wa Frodo alisimama chini yake akahutubia, umekatwa. Sam alivuka Mordor, nchi ya adui, na miguu mitupu hakulia vile, akauona ule mti chini ndo akalia. Anasema hapa ni pabaya kuliko Mordor, kwasababu hapa ni nyumbani na unapakumbuka palivyokuwa.

Na nani kaanza? Sio orc, wale askari wa adui. Kaanza Lotho, mwenzao, ndugu wa ukoo wa Frodo, aliyetaka kumiliki kila kitu, ananunua mashamba, anauza tumbaku nje kimya kimya mpaka wenye nguvu wakamzoea wakaingia. Saruman, yule mchawi muovu, alikuja mwisho kukuta mlango uko wazi.

Hii sura nilisoma mara tatu, na sababu nitawaambia.

Mi nimezaliwa kambini, shamba la mkonge, njia ya Muheza. Marehemu baba alifanya kazi korona, kule majani ya mkonge yanakokamuliwa, miaka mingi, anarudi jioni mikono inanuka maji ya mkonge harufu ambayo hata leo ikipita naigeuzia shingo. Wazee walikuwa wanatusimulia Mjerumani Hindorf alivyoleta miche elfu moja mwaka 1893, ikafika hai 62 tu, ikapandwa kule Kikogwe Pangani, na kwamba kutoka kwenye hiyo 62 ndo ikatoka Tanga yote hii, mpaka miaka ya 60 nchi ilikuwa inatoa zaidi ya tani laki mbili kwa mwaka. Sisi watoto tulikuwa tunadandia vile vibehewa vya reli ndogo iliyokuwa inaleta majani korona, mnyapara anatufukuza. Katikati ya kambi kulikuwa na mwembe mmoja mkubwa, mishahara ililipwa chini yake, ngoma zilipigwa chini yake, msiba ukitokea mabenchi yanawekwa chini yake.

Nikaondoka, nikakaa Dar miaka tisa. Kamba za nailoni zilikuwa zimeshaua bei siku nyingi, hilo nalijua, najua shamba lilikuwa linakufa hata nilipokuwepo. Ila niliporudi kumzika baba nikakuta reli yote imeng'olewa, mataluma yote, imeuzwa vyuma chakavu. Mabati ya nyumba za kambi hayapo. Mwembe umekatwa mkaa. Nikauliza nani kafanya hivi, nikawa nategemea kusikia jina la tajiri fulani kutoka mbali, nikatajiwa vijana niliocheza nao gololi. Mmoja alikuja msibani akanipa mkono, ndo aliyeukata mwembe. Alikuwa na njaa na watoto, sikuweza hata kumchukia.

Sasa unisomee sura kama ile halafu nije kwenye muvi nikute majani mabichi na milango ya duara.

Dada wa Makorora

Pole kaka. Baba yangu pia alikuwa mkata mkonge, nimesoma hapo kwenye harufu nikasimama kidogo.

Mi kitabu sijasoma, muvi nimeziona zote. Lakini si wameionyesha ile Shire inaungua? Kwenye kile kioo cha maji cha yule malkia wa kwenye miti.

Mleta uzi

Ahsante dada. Ndiyo wameonyesha, kwenye kioo cha Galadriel, Frodo anaona kijiji kinaungua na watu wake wanafungwa minyororo. Lakini pale ni onyo, kwamba ukishindwa kitatokea hiki. Hakushindwa kwahiyo hakikutokea. Kitabu kinasema pete uliichoma, kazi uliimaliza, na bado ukirudi utakuta mti umekatwa. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Halafu angalia wametupa na vingine vilivyofungwa na hiyo sura. Kitabuni Galadriel anampa Sam kisanduku cha mti, ndani udongo wa bustani yake na mbegu moja tu. Sam anabeba kile kisanduku safari nzima mpaka Mordor. Anarudi anakuta miti imekatwa, baadae anakikumbuka, anatembea nchi nzima anaweka punje ya udongo kila palipokatwa mti, ile mbegu anaipanda uwanja wa sherehe. Kwenye muvi kampa kamba. Kamba nzuri sawa, lakini ni kamba.

Mdau wa Raskazone

Mkuu naomba nikupinge kwa heshima, na nimesoma kitabu mara mbili.

Ile sini ya kilabuni uliyoipita juu juu, mi naona ndo sini nzito kuliko vita vyote. Wanne wamekaa mezani na bia zao, pembeni kuna mzee kabeba boga kubwa watu wote wanalishangaa lile boga. Hakuna anayewauliza mlikuwa wapi. Wanaangaliana, wanagonganisha vikombe, hakuna neno. Nyumbani hapajabadilika hata kidogo na hilo ndo linaloumiza, kwasababu wao wamebadilika.

Kaka yangu wa kwanza alikuwa jeshini, walipelekwa Darfur kulinda amani. Karudi, tukamchinjia mbuzi, mtaa mzima ukaja, watu wakaongea Simba na Yanga, bei ya samaki, fulani kaoa. Yeye amekaa barazani anachezesha funguo mkononi. Hakuna aliyemuuliza na mimi pia sikumuuliza. Miaka miwili baadae tunaangalia hii muvi, ilipofika kwenye boga akasema kwa sauti ndogo "hapo hapo", akatoka nje.

Kwahiyo Jackson hajadanganya. Kuna wanaorudi wakakuta mwembe umekatwa, na kuna wanaorudi wakakuta mwembe upo ila hawawezi tena kukaa chini yake.

Mdau wa Pangani

Daah.

Mdau wa Muheza

Hapo kwa boga nami nimegongwa, nilikuwa nalichukulia la kuchekesha tu.

Ila nauliza kitu cha pembeni. Wakuu hivi hivi viumbe tukiviandika kiswahili tutaviitaje? Gimli sawa ni mbilikimo. Hobbit je, maana nae mfupi? Na wale elf, watu wa akina Galadriel, mtu akisema majini naona kama amewakosea.

Dada wa Makorora

Majini sidhani kama ni makosa. Sisi Tanga jini sio lazima mbaya, kuna jini wa heri. Shaaban Robert si wa hapa hapa, kazaliwa Vibambani, na kwenye Adili na Nduguze kuna jini Huria anayesimamia haki mpaka ndugu wa Adili wanageuzwa manyani kwa ubaya wao. Tulisoma shuleni hakuna aliyeshangaa. Orc mi ningesema mazimwi. Hobbit waacheni na jina lao, wageni huwa wanakuja na majina yao.

Mdau wa Pangani

Na ile miti inayotembea na kuongea haihitaji hata tafsiri, bibi yangu hakuwahi kutukubalia tupite chini ya mbuyu saa saba mchana. Nilivyoona wanavamia ngome ya Saruman, mti mmoja umeshika moto unakimbilia maji ya bwawa kuinamisha kichwa, nikasema bibi angekuwepo angesema niliwaambia nini.

Mleta uzi

Dada wa Makorora mazimwi nimeyapenda, nitayatumia.

Mdau wa Raskazone nimekaa na maneno yako tangu jana sikuweza kujibu hapo hapo. Mpe kaka yako salamu. Nimeirudia ile sini, peke yangu safari hii, na ni kweli kuna kitu nilikuwa nimekipita, yule Pippin anavyoangalia kikombe chake. Nakubali ni sini ya kweli. Nakubali pia muvi ya tatu ilishakuwa ndefu, watu sinema walilalamika inaisha mara nne nne, ukiongeza vita vingine vya kijiji baada ya mlima kulipuka nani angebaki kwenye kiti. Jamaa walibeba Oscar 11 kwa ile moja, zote walizotajwa, mi ni nani niwafundishe kazi.

Lakini siachii, na sababu yangu ya mwisho ni hii. Kitabuni Gandalf, yule mchawi mwema anayewaongoza, anawaacha njiani kabla hawajafika Shire. Anajua kuna tatizo kule, anawaambia mambo ya kwenu mtamaliza wenyewe, mmeshakua, ndo mlichokuwa mnafunzwa muda wote. Anageuza farasi anaondoka. Na kweli wanamaliza. Merry, mmoja wa wale wanne, anapiga pembe, vijiji vinaamka, wakulima wanatoka na mashoka na mapanga, wanakufa hobbit 19 na majina yao yanaandikwa. Frodo hachomoi upanga, anazunguka anazuia watu wasiwaue waliojisalimisha, hata kwa Saruman mwenyewe Frodo anasema mwacheni aende. Yaani safari yote ile ya kurasa elfu moja ilikuwa shule ya kuja kurekebisha mtaa wao wenyewe. Ukiitoa hiyo sura wale wadogo wanabaki wasaidizi wa wakubwa, walikwenda kuokoa ufalme wa mtu wakarudi kunywa bia.

Na Tolkien mwenyewe aliyaona haya kwa macho. Alizaliwa Afrika, Bloemfontein kule Afrika Kusini mwaka 1892, akapelekwa Uingereza mtoto mdogo wa miaka mitatu, akakulia kijiji kina kinu cha maji karibu na Birmingham. Kaandika kwenye dibaji kwamba sehemu aliyokulia ilikuwa inaharibiwa kabla hajafika miaka kumi. Halafu akaenda vitani Somme 1916, na mpaka vita inaisha rafiki zake wa karibu wote wamekufa kasoro mmoja. Kwahiyo alikuwa na yote mawili, ya boga la kaka yako na ya mwembe wangu, na kwenye kitabu aliyaweka yote. Muvi imechukua moja.

Mdau wa Raskazone

Hapo kwenye yote mawili nimekaa kimya. Nitamsomea kaka.

Dada wa Makorora

Mpwa wako yeye alisemaje mlipomaliza? Maana umemtaja mwanzo halafu kapotea.

Mleta uzi

Alilia pale Frodo anapanda ile meli ya mwisho, alijifanya anafuta jasho. Halafu ikaisha majina yanapita, mi nimekaa tu nasubiri, najua imeisha lakini nimekaa. Akauliza mjomba vipi, nikamwambia kuna kipande hakijaonyeshwa. Umeme ukakatika hapo hapo. Nikamsimulia ile sura yote gizani, kuanzia geti la darajani mpaka mbegu ya Sam, tumelala kwenye mkeka milango wazi kwa joto, nikija kushtuka muadhini anaadhini alfajiri. Nilipofika kwenye mti wa sherehe akaniuliza, kama ule wa kambini kwa babu? Sikuwahi kumsimulia habari za mwembe, kumbe mama yake alishamwambia. Nikamwambia ndiyo, kama ule.

Asubuhi akataka mbegu za embe. Nikamwambia kule sasa hivi kuna mwenye shamba mpya, hatuwezi kwenda kupanda tu. Akasema basi tutamwomba. Jumamosi tulienda, tukamkuta msimamizi, mtu mstaarabu, akasema sehemu ya katikati hapana, matrekta yanapita, ila kule makaburini pandeni mnavyotaka. Tukapanda miche mitatu karibu na kaburi la baba, ya bolibo. Yule jamaa aliyekata mwembe bado anaishi jirani hapo, ndo atakuwa anamwagilia, kakubali mwenyewe kabla sijamaliza kuongea.

Mdau wa Pangani

Mkuu hicho kitabu ukishamaliza nacho naomba uniazime, nitakuja kukichukua mwenyewe hata Kange stendi.

Mleta uzi

Kiko Korogwe kwa mpwa wangu, kaondoka nacho jana. Kaanzia ile sura, nimemwambia aanze mwanzo kakataa. Kikirudi nitakutafuta.